Aliyeikataa mashine ya baba yake

Saa tatu asubuhi haijagonga, na mwanamke huyu ameshakufa mara nne. Mara ya kwanza alitumbukia mtoni. Ya pili alikatwa na upanga. Mara mbili za mwisho alizama ardhini katikati ya barabara, kana kwamba barabara yenyewe ni uji, na hizo mbili ndizo zinazompa mshahara.

Anaiweka mezani padi, kidude cha vitufe cha kuchezea. Analaza kiganja juu ya mashine nyeusi iliyo mbele yake, kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Bado inachemka," anasema, kisha anaanza upya.

Ni mjaribu gemu. Kampuni inayomwajiri hutengeneza gemu za kwenye televisheni, naye huzicheza kabla hazijafika madukani ili kutafuta kasoro. Miaka sita sasa amekaa kwenye meza ya mashine za toleo la zamani, zile ambazo viwanda vimeacha kuzitengeneza lakini bado zimejaa majumbani mwa watu. Kwa sababu hiyo wenzake wanamwita Bi Zamani, ingawa ana miaka thelathini na minne na hana hata mvi moja.

"Watu wananiambia, 'Wewe umeula, unalipwa kucheza!' Haya, waje," anasema. "Wacheze barabara moja wiki mbili, wakigonga kichwa kwenye ukuta uleule kutafuta ufa. Tutaonana."

Anacheka, lakini kicheko hakikai. Mashine iliyo mbele yake si ya kampuni. Ni ya baba yake.

Mzee huyo alikuwa fundi mwashi. Miaka minane iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nyonga ikavunjika, na tangu hapo hatembei bila kushika ukuta. Binti alimwachia mashine yake ili apoteze mawazo. Mzee aliidharau siku ya kwanza, siku ya pili akauliza inavyowashwa, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa hataki kuitwa kula.

"Kule ndani natembea," mzee alimwambia mwandishi huyu nyumbani kwao, ghorofa ya tatu, akiwa amekaa kwenye kochi lililoelekezwa kwenye televisheni. "Napanda milima, naruka kuta. Na kuta zao, nakwambia, zingine zimejengwa hovyo! Sijui fundi wao alikuwa nani."

Gemu aliyoipenda kuliko zote aliimaliza, akairudia, akaimaliza tena. Sehemu yake ya pili ndiyo hii ambayo binti anaijaribu leo. Ni kubwa, imesubiriwa na watu wengi mno, na masharti ya kazi hayaturuhusu kuitaja jina. Tarehe ilishatangazwa. Kilichokuwa hakijaamuliwa ni jambo moja: itoke kwenye mashine zipi?

Mashine mpya na kompyuta hazikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye mashine za zamani. Watu wa mauzo walizitaka, na huwezi kuwalaumu, maana zaidi ya nusu ya walionunua sehemu ya kwanza bado wanazo. Mafundi walisita. Lakini meza ya Bi Zamani ilikuwa imeshatoa majibu yake: gemu inakwenda vizuri.

Na ilikuwa inakwenda vizuri kweli. Kosa lilikuwa mahali pengine.

Chumba cha majaribio kina kiyoyozi. Zaidi ya hapo, mtu fulani, hakuna anayemkumbuka, aliwahi kuleta feni na kuielekeza kwenye mashine hizo kongwe kwa sababu zilikuwa zinashinda zimewaka kutwa. Feni ikazoeleka. Kila Ijumaa walizifungua na kuzipuliza vumbi.

"Tulikuwa tunazilea kama watoto wachanga," anasema. "Tulizipenda. Hakuna aliyejiuliza kama kuna nyumba hata moja duniani inayokaa na mashine namna hiyo."

Kisha mojawapo ikaungua. Nyingine haikupatikana dukani, na kazi haikuweza kusimama. Bi Zamani akaomba ruhusa kwa bosi, kisha kwa baba yake. Mzee aliizungushia mashine taulo kwa mikono yake mwenyewe, akabaki na padi, akisema hiyo haiazimwi.

Mbele ya feni hapakuwa na nafasi, kwa hiyo mashine ya mzee ikawekwa pembeni. Saa moja haikuisha. Farasi aliganda hewani, kuta zikachelewa kutokea, mtu akazama barabarani, kisha skrini ikawa nyeusi.

"Tukasema hii ya mzee imechoka. Fundi akaifungua. Nzima! Ina vumbi tu, kama ya mtu yeyote. Nikainuka, nikazima feni."

Kufikia mchana, mashine zote za mezani zilikuwa zimezima, moja baada ya nyingine.

Ndipo kikaitwa kikao. Hapa msomaji ajue kilichokuwa kwenye mizani. Mzee ana presha ya macho. Kwa sasa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari amesema dawa ya matone inachelewesha tu. Huenda amebakiza mwaka mmoja wa kuona skrini, huenda pungufu. Mashine mpya inagharimu mishahara minne ya binti yake, na matone hayo ndiyo yanayomaliza kilichobaki baada ya kodi. Gemu ikitoka kwenye mashine ya zamani, mzee ataiona. Isipotoka, basi.

Meneja wa uzinduzi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliwasikiliza watu wa mauzo hadi mwisho. Kisha akageuka.

"Dada, mashine iliyozima ni ya baba yako, sivyo?"

"Ndiyo, ni yake."

"Hii gemu, ilivyo leo, ungempelekea?"

Bi Zamani anasimulia alivyojibu.

"Nilitaka kusema ndiyo. Mungu ananiona, nilitaka. Nikamfikiria akiwa katikati ya mlima, halafu giza. Giza, mzee yule! Nikasema hapana. Halafu nikaomba kutoka, nikaenda kulia chooni."

Uamuzi ukapita siku hiyohiyo. Gemu itatoka kwenye mashine mpya na kompyuta kwa tarehe iliyotangazwa. Za zamani zitasubiri toleo jepesi lililopunguzwa majani, vivuli na ukungu, na halitatoka mpaka limalize siku nzima bila feni. Wanalenga miezi minane. Hakuna aliyethubutu kuapa.

Jioni ile alimweleza baba yake wakiwa wamekaa kwenye kochi.

"Ilizima kabisa?"

"Kabisa, baba."

"Basi ulisema vizuri, mama. Mimi sijawahi kumkabidhi mtu nyumba yenye ufa eti kwa kuwa ana haraka ya kuhamia." Akafuta macho kwa kiganja. "Lakini imeniuma. Nisikudanganye."

Binti alitaka kukopa anunue mpya. Mzee akagoma, wakakorofishana siku mbili, na hadi leo hataki kulisikia jambo hilo. Badala yake alitoa lake: mashine ibaki kazini. Kama hiyo yenye vumbi ndiyo inayosema kweli, alisema, wakae nayo mpaka wamalize.

Hivyo mzee hana anachocheza, na ni katika miezi ambayo macho bado yapo. Tulipomtembelea tulimkuta ameshika padi isiyounganishwa na kitu, amefumba macho, vidole vinatembea.

"Nafundisha mikono," alisema. "Macho yakienda, yenyewe ijue pa kubonyeza."

Kazini, meza ya Bi Zamani haina feni tena. Juzi mashine ya mzee ilidumu mpaka wakati wa chakula cha mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na mafundi walikuja kuitazama wamesimama.

Tunamuuliza anaomba nini. Hafikirii.

"Mwanzo wa gemu kuna lango. Linafunguka, unaliona bonde lote chini, na mto, na jua. Nimeliona mpaka nimelichoka. Baba alione hilo tu kwa macho yake. Yanayofuata nitakaa pembeni yake nimsimulie, hata kama ni miaka."

Anaipapasa mashine, anaiwasha. Lango linaanza kufunguka, naye anainama karibu kusikiliza kama inahema vizuri.