Karembo wa Dirishani

Juzi fundi alikuja kurekebisha mlango wangu, akawa anaupiga msasa polepole, krrr, krrr, nami nimekaa pembeni nakunywa chai. Ghafla wivu ukanipanda, wivu wa zamani kabisa, hata nikaweka kikombe chini. Mlio ule ulikuwa sawa na wa kulungu akilamba chumvi nyuma ya nyumba yetu kule Temple Hills, Marekani, nilipokuwa na miaka tisa.

Mama alikuwa akihudumia wazee usiku. Asubuhi alirudi miguu imevimba, akanitengenezea chai na mkate, kisha badala ya kuketi nami alikwenda kusimama dirishani, yunifomu bado mwilini. Hapo kulungu jike alitokea kwenye miti, akinusanusa nyasi zenye umande. Mama alifungua dirisha na kuanza kumsemesha kwa sauti laini ambayo mimi sikuipata hata siku ya kuzaliwa kwangu.

"Karembo! Umeamkaje, mrembo wangu? Mbona leo masikio yamelala?"

Mimi niliitwa Michelle tu, basi.

Mama alikulia Kinangop, Kenya, katikati ya ng'ombe wa maziwa, na machoni pake kila mnyama mwenye kwato alikuwa ng'ombe aliyekosa mfugaji. Alipoona Karembo amekonda, mbavu zimetokeza, akaamua kwamba amepungukiwa na chumvi. Akaendesha gari mbali sana hadi duka la vyakula vya mifugo, akarudi na jiwe la chumvi kubwa kuliko kichwa changu. Na huyu ndiye mama aliyeshindwa kuja kunisikiliza nikiimba shuleni kwa sababu amechoka! Niambieni ninyi, ningekosaje kuumia?

Nikaona afadhali na mimi niugue. Nilikohoa kwa bidii, nikalegeza shingo kama nilivyomwona kulungu akifanya, nikaacha mkate bila kuugusa. Mama aliniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Huna kitu wewe. Vaa viatu, basi linakuja."

Akarudi dirishani. Nilimchukia yule mnyama kwa moyo wangu wote.

Chumvi ile ilivuta wengine, ikawa kila asubuhi kundi zima limelizunguka jiwe, huyu analamba, kisha anampisha mwenzake. Mama alifurahi, akasema sasa tuna boma letu Marekani. Lakini Karembo hakunenepa. Majani yalipoanza kuanguka alikuja akiyumba, kichwa chini, mate yakimchuruzika, na nilipogonga kioo kwa hasira hakushtuka hata kidogo. Mama akapiga simu kwa watu wa wanyamapori, kama ambavyo kwao angemwita daktari wa mifugo.

Alikuja mwanamke mmoja mpole, amevaa buti. Mama alimkaribisha chai, akamuuliza atamdunga Karembo dawa gani. Mgeni akamweleza taratibu kwamba hakuna dawa. Upo ugonjwa wa kulungu unaoharibu ubongo, mnyama anakonda hadi anakufa, na wanaambukizana kwa mate. Hata udongo hubaki na ugonjwa huo. Huenda ndio huu, huenda sio, na hilo litajulikana akishauawa na kupimwa. Ila chumvi iondolewe leo hii, maana ndiyo inayowakutanisha midomo.

Mama aliliangalia lile jiwe, lililokwisha kuchimbika kwa ndimi. "Nami nilikuwa namtibu," alisema kwa Kiswahili, ambacho mgeni hakukijua.

Watu wa wanyamapori walimpiga Karembo risasi nyuma ya miti. Mama alikuwa amefunga dirisha, lakini mlio ulitufikia. Siwafichi, nilifurahi.

Asubuhi iliyofuata aliketi. Hatimaye mama aliketi mezani, mbele yangu, kikombe mkononi, mgongo ameupa dirisha.

"Umeamkaje, Michelle?"

"I'm good."

"Umeota nini?"

"Nothing."

Aliitikia kwa kichwa, akanisogezea mkate. Tukanywa chai tukisikiliza friji ikinguruma. Nilikuwa nimemshinda kulungu, mama alikuwa wangu peke yangu, na sikuelewa kwa nini meza ile ilikuwa na ubaridi vile.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Karembo alikula mapenzi yaliyokuwa haki yangu. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, ninaporudi kutoka kazini jioni na maneno ya siku nzima yamenijaa kifuani, natafuta mtu wa kumwambia. Mama alirudi hivyo kila asubuhi, amebeba Kinangop yake yote. Yule mnyama hakuelewa hata neno moja, lakini alisimama pale hadi mama akamaliza. Mimi nilielewa yote, nikamjibu kwa Kiingereza.