Siku Yero Alipokwenda Kuomba Tezo

Yero Sidibe alikuwa na aibu moja, na aibu yenyewe ilinukia mbao mbichi. Alikuwa Mfulani, mwana wa Mfulani, mtu wa ng'ombe na fimbo na kofia pana ya ukindu. Lakini kila alipopeleka kundi malishoni, chini ya chakula chake alificha kisu kilichopinda alichokitengeneza mwenyewe kutokana na panga kuukuu. Ng'ombe wakila nyasi, yeye alikaa akachonga: miiko, vigoda, na zaidi ya vyote mabakuli ya maziwa. Alianza angali kijana, akaendelea hadi mvi zikaingia ndevuni, na hakuna aliyejua ila mkewe, Kumba.

Kumba ndiye aliyekamulia maziwa katika mabakuli hayo. Majirani wakimuuliza kayatoa wapi, alijibu, "Sokoni, Segu," bila kupepesa macho. Mabakuli yalisifiwa kijiji kizima. Yero alikaa pembeni akasikiliza sifa zake mwenyewe, kichwa kaangusha kama mwizi wa kuku.

Alificha kwa sababu kwao kuchonga si kazi ya kila mwenye mikono. Mbao na chuma ni mali ya wahunzi, akina Fane na Kante na Balo, wanaozaliwa navyo kama Wafulani wanavyozaliwa na ng'ombe. Jembe na shoka mhunzi humuuzia yeyote. Tezo la kuchongea, lile jembamba lenye shingo iliyopinda, haliuzwi kwa mtu wa nje. Mhunzi humpa kwa mkono wake yule anayemtambua kuwa mchongaji, basi. Na Yero alikuwa amechoka na kisu. Kisu hakifiki tumboni mwa bakuli, kinaparuza tu. Alilitaka tezo mpaka akaliota. Na zaidi ya tezo alitaka mhunzi mmoja, hata mmoja tu, amwambie kwamba kazi yake ni kazi.

Mtama ulipokwisha kuingia ghalani, maonyesho ya mafundi yakafunguliwa Segu, kando ya mto Joliba. Kumba akalifunga kwenye kitambaa bakuli zuri kuliko yote, akamkabidhi mumewe.

"Nenda bwana. Ukirudi bila tezo, usinisumbue tena na habari za mbao nikitaka kulala."

"Wakinicheka je?"

"Watakucheka! Kwani ulifikiri wahunzi hufanya nini wakimwona Mfulani?"

Jamani, maonyesho hayo! Yero alishuka garini akasahau hata kujifuta vumbi. Huku mafundi wa ngoma wanapigapiga magogo kuonja sauti, kule viriba vya kuvuvia moto vinapumua na cheche zinaruka, na katikati vinu vimesimama kwa safu, vingine virefu kumpita mtoto. Kina mama wa kihunzi wameketi na vyungu vyao, wanaita wateja na kuwatukana wasionunua. Na matezo! Matezo mapana ya kufungulia gogo, matezo membamba ya kumalizia, mengine yamepinda kama mdomo wa korongo. Moyo ulimdunda Yero kama siku aliyomwona Kumba mara ya kwanza, na Kumba mwenyewe angesikia ulinganisho huo angemvunjia mwiko kichwani. Aligusa hiki, akanusa kile. Akasimama nyuma ya fundi mmoja akamtazama akichimba tumbo la kinu mpaka fundi akamuuliza kama amepotea.

Njia nzima alikuwa ameandaa maneno. Angemwendea Ngolo Fane, mhunzi ambaye jina lake linajulikana vijiji vyote vya kandokando ya mto, angesimama kwa heshima na kusema: Fane, mimi ni mchongaji, naomba uitazame kazi yangu. Maneno mazito, yasiyo na mzaha. Alikuwa ameyarudia hata ng'ombe wake wangeweza kuyasema.

Tatizo ni utani. Mfulani na mhunzi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikuchokoza kumjibu ni wajibu. Ngolo Fane, pande la mtu, kifua kimejaa masizi, akiwa kibandani mwake aliiona ile kofia ya ukindu kwa mbali akapaza sauti.

"Loo! Siku hizi watumwa wangu wanajileta wenyewe, wala sihangaiki kuwatafuta!"

Yero alifungua kinywa aseme yale maneno yake mazito. Ulimi, uliolelewa vizuri, ukajibu wenyewe.

"Nimekuja kukurudisha zizini, wewe mla majivu. Nani alikufungua kamba?"

Watu wakaangua kicheko. Ngolo akapiga mapaja kwa furaha, akamkumbatia, akampaka masizi shavuni. Na Yero, huku naye akicheka, akajua kwamba ameshajiharibia. Nani sasa atamsadiki?

"Ngolo, tuache mzaha," alisema. "Mimi ni mchongaji. Nimekuja kukuomba tezo."

Kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko. Fundi mmoja alilaza nyundo chini ili acheke vizuri.

"Anataka tezo la kukamulia!"

"Mpe, mpe! Kesho ng'ombe zake watataka viatu!"

"Wallahi nasema kweli," Yero akasema.

"Mfulani akiapa," Ngolo akawaambia watu, "kahesabuni ng'ombe zenu."

Ikawa kila anavyozidi kusema kweli ndivyo utani unavyozidi kunoga. Alipofungua kitambaa akatoa bakuli lake, akidhani sasa watanyamaza, ilikuwa ndiyo kumwaga mafuta motoni. Dada yake Ngolo, mfinyanzi aitwaye Nyele, alilipokea, akalizungusha, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Kazi nzuri hii," alisema. "Sasa sema, mtu wa fimbo. Umemwibia fundi gani?"

"Nimechonga mwenyewe, dada."

"Na mimi nimeuzaa mto Joliba!"

Yero aliumia na kufurahi kwa wakati mmoja. Mfinyanzi wa kihunzi amelisifu bakuli lake mbele ya watu, na sifa haimfikii, inamwendea fundi asiyekuwepo. Kukasirika asingeweza, maana mtani akikasirika amevunja agano la mababu. Kuondoka angeweza. Aliiona kabisa njia ya kurudi stendi, akaliona na jicho la Kumba.

Akavua kofia. Akaketi mbele ya gogo la mkangazi alilokuwa akilichonga Ngolo, liwe bakuli, akalishika tezo la Ngolo.

Kicheko kilikatika. Unaweza kumtukana mhunzi, ukamtukana na babu yake, lakini tezo lake huligusi.

"Liweke chini," alisema Ngolo. Hakuwa akitabasamu.

"Nikiliharibu gogo lako, nitakuwa mtumwa wako wa kweli, si wa utani," Yero alisema. "Fane, nakuomba. Nimechonga maisha yangu yote kwa kujificha kama mchawi. Nitazame kidogo tu."

Nyele ndiye aliyejibu, "Mwache, kaka. Gogo linapatikana."

Pigo la kwanza liliteleza likapita karibu na kidole cha mguu. "Anajichonga mwenyewe!" mtu akapiga kelele, wakaanza tena kucheka. Pigo la pili likauma. Kibanzi kikubwa kikaruka, kikaanguka mapajani mwake kingali na unyevu, na Yero akahisi joto likimpanda kutoka mkononi hadi kifuani. Kumbe ndivyo ilivyo! Kumbe mbao hazikatai! Alichokuwa akikiparuza kwa kisu asubuhi nzima, tezo lilikitoa kwa pumzi moja. Alipiga, akazungusha, akapiga. Alisahau Segu, akasahau watu. Alikuwa akicheka peke yake wala hakujua.

Mkono mnene ukamshika kiwiko.

"Usikikaze," alisema Ngolo. "Acha tezo lianguke kwa uzito wake. Wewe lielekeze tu."

Lilikuwa neno lisilo na tusi ndani yake. Yero akalegeza kiwiko, na kibanzi kilichofuata kikatoka chembamba na kirefu. Ngolo akachuchumaa. Baada ya muda akamzuia mkono, akagonga ukuta wa gogo kwa kifundo cha kidole, upande huu, kisha upande ule, akasikiliza.

"Kushoto unaacha mnene. Nani alikufundisha?"

"Ng'ombe."

"Wamekufundisha vibaya kushoto."

Kisha akakunja uso, kama mtu aliyekumbuka jambo. Akanyoosha mkono kwa Nyele akachukua lile bakuli la kwenye kitambaa. Akaligonga kulia, likalia kwa sauti nyembamba. Akaligonga kushoto, sauti ikawa nzito. Akarudia. Akampa Nyele naye agonge. Dada akamtazama kaka, kaka akamtazama Yero.

"Mnene palepale," alisema Nyele polepole. "Mkono ni huuhuu. Hakuiba."

Hakuna aliyecheka. Yero alikuwa amelionea haya kosa hilo tangu ujanani, akilisugua kwa mchanga bila mafanikio, na sasa alitamani kulibusu.

Ngolo aliingia nyuma ya kibanda. Alirudi na chuma cha tezo kisicho na kipini, chembamba, shingo imepinda, kingali cheusi cha motoni, akakiweka kwenye kiganja cha Yero na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Kipini hatukuchongei. Kila mtu huchonga chake, kwa kipimo cha mkono wake. Na kushoto, piga mara mbili."

Yero akakibana kifuani. Basi akabaki palepale. Wakamtupia kipande cha mti na tezo la kuazima, akaanza kuchonga kipini katikati ya wahunzi, bega kwa bega, vibanzi vikimjaa mapajani na masizi ya Ngolo yangali shavuni.

Ndipo alipopita mama mmoja wa Kifulani, muuza maziwa, kibuyu kichwani. Mfulani gani atapita mbele ya wahunzi akanyamaza? Alisimama, mkono kiunoni.

"Hamjambo, enyi wala majivu! Na wewe hapo, mwenye shavu jeusi kama sufuria," alisema akimnyooshea Yero kidole, "mtumwa wangu, nani kakuruhusu kukaa? Hebu nichongee mwiko haraka kabla sijakuuza!"

Kazi ikasimama kibanda kizima. Wahunzi wote walimgeukia Yero. Angeweza kusema, Mama, mimi ni Sidibe, ni ndugu yako. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alimtazama yule mama, akalitazama tezo mkononi.

"Pita zako, mwizi wa ng'ombe!" alinguruma. "Sisi wahunzi tukiacha mwiko tukakutengenezea pingu, utamwita nani?"

Ngolo Fane alipiga ukelele wa furaha uliosikika hadi mtoni. Yule mama akacheka, akatukana tena kwa kuongezea, akaenda zake na maziwa yake, asijue alichompa mtu. Yero alicheka hadi machozi yakamtiririka usoni, yakachora mistari kwenye masizi, naye hakuyafuta, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa kazini.