Karatasi niliyomwandikia mke mwenzangu

Assalaam alaykum. Naomba mnifichie jina, maana wanangu na wajukuu zangu wanaufuata ukurasa huu. Nina miaka sabini na minane, naishi Darsait, Maskati. Moyo wangu umechoka. Daktari ameacha kunipa tarehe za kurudi, ananiambia tu nipumzike, nami nimemfahamu.

Nilizaliwa Unguja, nikasoma kwenye nchi ya theluji, kisha nikasomesha fizikia hapa Oman miaka thelathini. Mume wangu alipostaafu alinunua karavani ndogo, ile nyumba ya kukokotwa na gari, tukaiweka mlimani Jabal Akhdar kwenye kiwanja cha kukodi. Joto la Maskati likizidi tulikuwa tunakimbilia huko.

Wengi hawajui kwamba kule juu maji huganda. Maji yakiganda hutanuka, na bomba likiwa limejaa hupasuka. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya baridi tulipanda kuifunga. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Tunamwaga tangi, tunafungua mifereji yote ya sinki na bafu, tunatoa kizibo cha chini ya hita ya maji hadi tone la mwisho litoke, tunapuliza mabomba kwa pampu ya tairi, kisha tunamimina dawa ya kuzuia kuganda kwenye mashimo ya sinki na choo. Yeye alinishikia tochi huku akinitania, "Mwalimu, hata maji yanakuogopa!" Sijapata kuwa na furaha kama ile, nimelala chali chini ya karavani, matone yakinidondokea usoni.

Kisha siku moja akaniambia magoti yake hayawezi tena safari za mlimani. Karavani kamuuzia rafiki yake. Nililia kidogo. Akaniomba nimwandikie huyo rafiki hatua za kuifunga, nikaziandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Kwa miaka sita, kila baridi ilipokaribia, akawa ananiletea maswali. "Rafiki yangu anauliza, mifereji aiache wazi au aifunge?" Nami najibu, tena kwa fahari.

Mwaka wa sita aliisahau simu mezani akaenda kusali alasiri. Ukaingia ujumbe wa sauti. Nilidhani ni mwanetu, nikaufungua. Ilikuwa sauti ya mwanamke, anacheka.

"Karatasi nimeimwagia chai, haisomeki. Muombe Bi Mkubwa aandike nyengine. Mwambie rafiki yako ndo anataka, kama kawaida yetu."

Bi Mkubwa ni mimi. Nikasikiliza na jumbe za nyuma: kumbe nina mwenzangu, anakaa Sib, nje kidogo ya Maskati, miaka sita sasa, na karavani ni yake. Sheria yetu inamruhusu mwanamume kuoa, hilo silipingi. Lakini kunifanya mwalimu wa nyumba ya mwenzangu, nao wanacheka?

Aliporudi, simu ilikuwa pale pale alipoiacha. Akakaa, akanywa kahawa yake, akasema, "Yule rafiki yangu kaharibu karatasi, maskini. Utamwandikia nyengine?"

"Nitakosaje kumwandikia rafiki yako?"

Nikaandika vizuri kuliko mwanzo, kwa namba na mistari. Hatua ya kizibo cha hita nikaiacha. Badala yake nikaandika: "Hita usiiguse tena, kutoa kizibo kila mwaka kunaiharibu. Maji yake yana moto, hayagandi." Mimi, niliyesomesha fizikia miaka thelathini. Nilitaka hita ipasuke, wagombane, amwone mjinga. Wallahi sikutaka zaidi ya hapo.

Ilipasuka. Januari walipanda, wakafungua maji, sakafu yote ikafurika. Mume wangu akaingia chini ya karavani kutengeneza, akalala kwenye maji yale ya barafu mpaka magharibi. Akarudi kwangu anatetemeka, akasema alikwenda kumsaidia rafiki. Kifua kikambana. Siku ya kumi na moja tukamzika.

Msibani shemeji yangu akafichua ndoa. Eda ilipokwisha huyo mwenzangu akaja. Nitamwita Salma. Nilijitayarisha kumtukana, lakini alipiga magoti mlangoni.

"Dada, nisamehe. Mimi ndiye niliyemuua. Ulituandikia kila kitu na mimi sina elimu, lazima kuna mstari nimeuruka."

Ningeweza kusema wakati ule. Nikamwekea mkono kichwani, nikasema, "Nimekusamehe." Na nikaona raha. Hiyo ndiyo dhambi inayonitisha kuliko ile ya karatasi.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa ananiletea supu. Ananikanda miguu. Wanangu wanasema nina moyo mkubwa. Mimi ninapomtazama bado nasikia kicheko chake kwenye simu, na moyo unawaka. Sijamsamehe. Nilidanganywa na watu wawili kwa miaka sita, mmoja yuko kaburini, mwengine ananipoozea supu kwa kijiko. Hata kumchukia kwa raha siwezi.

Ijumaa iliyopita akaniambia ameshatia hita mpya. "Alkhamisi napanda kuifunga karavani. Karatasi yako nnayo, nimeitia kwenye plastiki. Mara hii n'tasoma polepole, dada, kidole juu ya kila mstari. Sitomuaibisha marehemu tena."

Ataisoma. Atafika kwenye mstari wa hita, atautii. Itapasuka tena, na atajihukumu mara ya pili kwa kosa langu. Nikimwandikia karatasi nyengine iliyo sahihi, ataziweka pamoja na atajua, na wanangu watajua kilichomuua baba yao. Nikinyamaza, nitakufa ninasifiwa na mtu niliyembebesha mauti yasiyo yake.

Leo ni Jumatatu. Kalamu ninayo, na mkono bado unaandika. Nyinyi mnaosoma, niambieni kabla ya Alkhamisi: nimwandikie?