Msimu Shangazi Alipokataa Mrija

Majani ya tumbaku yakianza kugeuka manjano ndani ya bani, kile kibanda kirefu cha kukaushia, hutoa harufu tamu inayokwaruza koo, na mtu wa Ulyankulu ataitambua hata akiwa usingizini. Mimi nimekulia ndani ya harufu hiyo. Babu na Bibi walikimbia vita Burundi, wakapewa ardhi pale, wakafyeka pori na kulima. Bani la Bibi lilikuwa nyuma ya nyumba, na aliyelitunzia moto alikuwa Mzee Kosma, jirani aliyeishi peke yake, aliyekuja miaka mingi baadaye akikimbia vita nyingine. Jamani, nilimpenda mzee yule! Alituchomea mahindi mabichi kwenye mdomo wa tanuri, akijifanya anataka kuyala yote yeye mpaka tumrukie mgongoni. Mimi nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, basi kila akiniona aliuliza nani atanioa na pengo lile, halafu ananipa hindi lililoiva kuliko yote.

Msimu ninaousimulia ndipo maofisa walipokuja kuwahoji wakubwa wote walioomba uraia: umetoka wapi, ulikimbia nini, wakati wa vita ulifanya nini. Bibi alikuwa haambiliki kwa furaha. Kila aliyepita njiani aliambiwa kwamba karibu ataitwa Mtanzania, kana kwamba wenzake hawakuwa kwenye foleni hiyohiyo. Furaha ikazidi alipofika Shangazi Skola, bintiye. Shangazi alikuwa amerudi Burundi na mumewe pale waliposikia kuna amani, vita ikawakuta hukohuko, akawa mjane. Wanawe wawili, vijana wakubwa, walishushwa kwenye gari penye kizuizi cha barabarani mbele ya macho yake, wakapelekwa nyuma ya migomba. Hakuwaona tena. Alipokuja kwetu akitokea kambi ya Kigoma, hakuwa akiomba uraia wala shamba. Alitaka kujua wanawe wamelala wapi, basi. Hilo alilisema akichambua maharage, akalisema akifua, mpaka hata sisi watoto tukalijua.

Jumapili, baada ya misa, Bibi alipika pombe ya mtama kumkaribisha. Kwetu pombe hiyo huwekwa katikati kwenye chungu kimoja, na kila mtu mzima hutia mrija wake humo. Ukinywa chungu kimoja na mtu, umesema hamna neno baina yenu. Majirani walikaa, mirija ikaingia, Mzee Kosma naye akatia wake huku akitania kwamba mgeni ndiye atakayemaliza. Shangazi akamtazama. Akauweka mrija wake chini.

"Skola, unanitia aibu mbele za watu!" Bibi alifoka. Alidhani ni maringo ya mtu aliyekaa mbali. "Mzee huyu ndiye mkono wangu wa kulia hapa!"

"Mama, siwezi," Shangazi alisema. "Ndiye aliyekuwa akitoa amri pale kizuizini. Ndiye aliyewaambia Fideli na Deo washuke."

Mimi nilimtazama Mzee Kosma nikingoja acheke, aseme amefananishwa. Aliutoa mrija wake chunguni polepole, akainuka, akaenda zake. Bibi aliyekuwa akifoka sasa hivi akakaa chini kwenye vumbi na nguo zake za kanisani, akalia kwa sauti. Wale walikuwa wajukuu zake.

Kesho yake wazee wa mtaa walikuja kubembeleza. "Mama, tuyamalize wenyewe," alisema mmoja wao. "Maofisa wakisikia tuna muuaji hapa, watatuona sote wauaji. Uraia tutausikia kwa wengine." Hawakuwa watu wabaya, waliogopa tu. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunga khanga. "Tulipokelewa hapa kwa sababu tulikuwa tunakimbia watu kama yeye," alisema. "Nikimficha, mimi nilikuwa nakimbia nini?" Akamshika Shangazi mkono, wakaenda kwa maofisa.

Kijana aliyewahoji aliwaeleza kwa adabu kwamba hifadhi ni ya anayekimbia kuuawa, na aliyeua raia vitani haimhusu, hata akipendwa na kijiji kizima. Mzee Kosma alichukuliwa wiki ileile, hakubisha. Nililia nikakataa kula, na Shangazi ndiye aliyenibembeleza. Uraia wetu haukupotea, ila bani lilishika moto, kwani hakuna aliyejua joto lake kama yeye.

Sasa nina duka langu hapa Gongoni, mjini Tabora. Wakija wakimbizi wapya, nawasikia wateja wakisema wote ni wauaji, warudishwe. Wengine, hasa wa kwetu, husema yaliyopita yafukiwe. Pande zote mbili hunipandisha hasira. Mimi nampenda Mzee Kosma hadi leo, na nasema waziwazi kwamba alistahili kukamatwa.

Alirudishwa Burundi, akashtakiwa na kufungwa. Mahakamani aliulizwa habari za vijana wale, akasema walipofukiwa. Shangazi, ambaye baadaye naye aliomba uraia, ukakawia lakini ukaja, alikata pasipoti ya Tanzania, akavuka mpaka kama mgeni kwenye nchi aliyozaliwa, akawazika wanawe kaburini kwa mikono yake. Nilimpokea stendi. Nilitaka kumkumbatia, akanitangulia kwa swali.

"Mwanangu," alisema, "yule Kosma gerezani, ana mtu wa kumpelekea chakula?"

Nilimwambia sijui. Akanitazama, akasema, "Basi uliza."