Mashavu ya Kwenye Picha

Picha ile imetundikwa sebuleni kwa mdogo wangu, Castle Vale huku Uingereza, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuitazama. Aliilipia ikuzwe mpaka ikawa kubwa kama sinia, akaiwekea fremu ya rangi ya dhahabu. Ni ya nyeusi na nyeupe. Tuko wawili, tumesimama mbele ya ghala la misheni, yeye ana miaka mitatu na mimi minane. Yeye ana mashavu ya mviringo na miguu minene kama ya mtoto wa mwenye duka. Mimi nimejaza hewa mashavuni kama mtu anayepuliza moto.

Wageni wakiuliza, ana maneno yake, na hayabadiliki.

"Huyo ni mimi. Waliniita Kibonge. Mwaka huo watu kwetu walikuwa wanakufa njaa, lakini Mama alihakikisha nimekula. Si nilikuwa kitinda mimba wake?" Kisha anasogeza kidole upande wangu. "Na huyo mtundu ni dada. Hata kupigwa picha alishindwa kutulia."

Watu hucheka. Mimi pia hucheka. Nimecheka hivyo miaka minne sasa, kila Jumapili ambayo sina zamu.

Namwonea wivu mdogo wangu, na sioni haja ya kulizungusha. Ana nyumba yenye kibustani, ana kazi ya kuhudumia wazee ambayo hajaiacha kwa miaka kumi na moja, ana mume anayerudi nyumbani saa kumi na mbili, ana binti anayejua shule atakayokwenda mwaka ujao. Mimi nimekaa Mombasa, nikakaa Doha, nikakaa Leicester, na miji mingine ambayo sikuimaliza hata mwaka. Sasa nimepanga chumba Tyseley, upande wa mtambo wa kuchoma taka, na napakia masanduku katika ghala moja huko Washwood Heath. Kila nikifika mahali naanza kukumbuka nilikotoka. Nikirudi nilikotoka, nakuta kile nilichokuwa nakikumbuka hakipo. Mdogo wangu hakumbuki chochote, na analala vizuri.

Picha yenyewe ilikuwa ya Mama. Aliihifadhi ndani ya Biblia yake. Alipofariki nilikuwa Doha, sikupewa ruhusa, na aliyesafiri kwenda kuzika ni mdogo wangu. Alirudi na Biblia, leso mbili, na picha. Nilingoja anigawie leso moja. Nadhani halikumpitia akilini.

Kitu kimoja tu ninacho ambacho yeye hana. Baba alitutoka zamani, Mama hayupo, na shangazi aliyenitunza wakati wa njaa ile naye hayupo. Aliyebaki duniani anayejua mashavu yale yalikuwa nini ni mimi peke yangu.

Mwaka ule mvua ilikosa mara mbili. Tulikula mahindi ya manjano ya msaada, magumu hata yakichemshwa kutwa, na siku nyingine hayo nayo yalikosa. Mimi nilikonda. Watoto wa jirani walikonda. Mama alikonda mpaka pete ya ndoa akaifunga kwenye pindo la leso isimdondoke. Mdogo wangu peke yake akanenepa.

Alianza miguuni. Halafu mikono, halafu uso. Ngozi yake iling'aa kama iliyopakwa mafuta. Nywele zikawa laini na nyekundu-nyekundu, kama ndevu za mahindi mabichi, na hizo pia nilizitamani. Jirani mmoja ndiye aliyempa jina. Alikuwa anapita kwetu akisimama mlangoni, anasema, "Kibonge, hebu niambie, mama yako anakupikia saa ngapi na sisi tuje?" Wengine waliokuwa naye walicheka. Mama aliendelea kufagia.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu, na ilikuwa rahisi. Kama ananenepa, basi anakula. Kama anakula, basi anapewa. Na wa kumpa ni nani, kama si Mama? Nikaanza kupeleleza. Nilichungulia chini ya kitanda, nikapekua mtungi, nikafukua jivu nione kama kuna kiazi kilichozikwa. Mama akienda kuteka maji na mtoto mgongoni, niliwafuata kwa mbali. Wakirudi nilimkalia mdogo wangu karibu na kumnusa mdomo. Nilikuwa natafuta harufu ya maziwa. Sikuipata hata siku moja, na kwa kutoipata nikasadiki kwamba Mama ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Siku moja nilimbonyeza mguu kwa kidole gumba, hapa juu ya kifundo. Nilipoondoa kidole, shimo lilibaki. Nilihesabu moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, na bado lilikuwepo. Niliwahi kuona unga wa chapati uliokandwa kwa mafuta. Ukiubonyeza, hubaki na alama. Huo kwangu ukawa ushahidi: mtoto huyu amejaa mafuta. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi, makusudi, alie. Hakulia. Alinitazama tu. Siku hizo alikuwa hachezi, haiti, hataki kusogezwa. Niliwaambia watoto wenzangu kwamba anaringa.

Siku ya kugawiwa mahindi, mtawa mmoja alikuja na kamera. Alitutoa kwenye mstari, akatusimamisha mbele ya ghala. Nilijua mdogo wangu atatoka vipi katika picha hiyo, na nilijua nitatoka vipi mimi. Nikavuta pumzi, nikajaza mashavu, nikabana midomo mpaka nikasikia kamera imelia.

Siku ya tatu baada ya picha hiyo Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni kwa leso, akasema anampeleka hospitali ya misheni. Huko ni mwendo wa kutwa kwa miguu. Nikamwambia nakuja. Akasema, "Hapana. Wewe una nguvu. Utabaki na shangazi." Nilimkimbilia mpaka kwenye kijito kikavu, akageuka, akasema tena, "Una nguvu, mama. Rudi." Maneno mawili hayo, una nguvu, sijamsamehe mpaka leo, na aliyeyasema amelala kaburini.

Walikaa wiki tatu. Waliporudi mdogo wangu alikuwa amenyauka, mbavu zinahesabika, macho makubwa, na analialia njiani kama mtoto wa kawaida. Nilifurahi sana kumwona hivyo. Sasa tuko sawa, nikajiambia. Kisha nikamsikia Mama akimsimulia shangazi kwamba huko wodini watoto walipewa maziwa kila asubuhi, na yai mara mbili kwa wiki. Nikaenda nyuma ya nyumba. Nililia kwa ajili ya mayai yale kuliko nilivyowahi kulilia kitu chochote.

Nilikuja kuelewa nikiwa kidato cha pili, katika somo la sayansi kimu. Mwalimu alituambia tufungue ukurasa fulani, na mdogo wangu alikuwa pale. Hakuwa yeye, alikuwa mtoto aliyechorwa kwa wino, lakini uso ni ule, miguu ni ile, na chini yake imeandikwa kwashakoo. Mwili ukikosa chakula cha kuujenga huvimba maji, na mtu asiyejua hudhani ni unene. Nilifunga kitabu. Nyumbani sikusema kitu. Jina la Kibonge lilikuwa limeshazoeleka, na Mama mwenyewe alikuwa ameanza kuliitikia kwa tabasamu, kama mtu aliyeamua kwamba mambo yalikuwa hivyo.

Basi Jumapili moja, majuzi tu, mdogo wangu alikaribisha mgeni kutoka kanisani. Ni mama wa makamo, Mkongo wa Kivu, aliyekaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Uingereza. Tulikula wali, maharagwe na chapati. Binti wa mdogo wangu aliacha nusu ya sahani, akasema kitu kwa Kiingereza na kupanda chumbani kwake, na hakuna aliyemwita arudi. Niliitazama sahani ile muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Mgeni alikuwa anaitazama picha. Mdogo wangu akaanza maneno yake, akafika kwenye Kibonge, akangoja kicheko. Mgeni hakucheka. Alitoa miwani mkobani, akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Maman," akasema, "uyu mutoto alipona?"

"Mtoto yupi, mama?"

"Uyu. Alikuwa na bwaki."

"Bwaki ni nini?"

Mgeni alitafuta neno. "Ni bugonjwa ya njaa. Mutoto anavimba, watu wanasema ananona, kumbe anakufa." Akavua miwani. "Mie nilizika babili."

"Pole, mama. Pole sana." Mdogo wangu alimshika mkono. Halafu akasema kwa upole, kama anavyosema na wazee wake kazini, "Lakini huyu si mgonjwa. Huyu ni mimi. Nilikuwa mnene tu. Muulize dada, alikuwepo."

Wakanigeukia wote wawili.

Ningeweza kusema, ndiyo, alikuwa mnene. Mgeni angeelewa na angenyamaza. Mtu aliyezika wawili anajua kunyamaza. Mdogo wangu angebaki na Kibonge wake, na mimi ningepanda basi nirudi Tyseley. Nilisema ukweli kwa sababu nilitaka, mara moja tu, ashuke ukutani aje asimame nilipo.

"Ulikuwa umevimba," nikasema. "Nilikuwa nakubonyeza mguu."

Kazi ya mdogo wangu kila asubuhi ni hiyo. Anawavua wazee soksi, anawabonyeza juu ya kifundo, anaangalia, anaandika. Alikuwa ameshika jagi la maji. Aliliweka mezani taratibu.

"Shimo lilibaki?"

"Lilibaki."

"Muda gani?"

"Nilihesabu mpaka ishirini."

"Miguu yote miwili?"

"Yote. Na mikono. Na nywele zako zilikuwa nyekundu, hapo hazionekani tu."

Akaketi. Nikaona uso wake unabadilika na nikaongeza, maana nilikuwa nimeshaanza na nilikuwa nasikia utamu. Nikamwambia hakuna chakula alichofichiwa, nilimnusa mdomo na sikukuta kitu. Nikamwambia kuhusu hospitali. "Mama alikubeba mgongoni kutwa nzima. Akakaa nawe wiki tatu huko."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa."

"Na yeye alikuwa amekula nini?"

Hilo sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa nimehesabu mayai ya mdogo wangu miaka arobaini, na sikuwahi kuuliza Mama alikula nini wodini, kama alikula. "Sijui," nikasema.

Akamgeukia mgeni, machozi yanamlenga. "Umesikia, mama? Alinibeba kutwa nzima na njaa yake."

"Bamama," akasema mgeni. "Ni vile."

Nikabaki nimeshika kijiko. Nilikuwa nimemnyang'anya mashavu, na kwa mkono wangu mwenyewe nimempa mgongo wa Mama, kutwa nzima, pamoja na wiki tatu. Wivu ulinipanda upya, kama vile nimesimama tena kwenye kijito kile naambiwa rudi.

Mgeni alikuwa bado amesimama. Akagusa upande wa pili wa kioo. "Na uyu mukubwa? Uyu mukonde. Naye anavimba mashavu?"

"Aa, huyo ni dada, huyo alikuwa mtundu, hata kupigwa..." Mdogo wangu aliishia hapo. Aliinuka, akasimama kando ya mgeni, akatazama. Picha hiyo iko kwake miaka mingi, na sidhani kama aliwahi kutazama chini ya shingo yangu. Mimi pia sikuwahi. Magoti yangu yalikuwa mapana kuliko mapaja.

"Dada," akasema bila kugeuka. "Hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilitaka kuwa kibonge."

Mgeni alicheka kidogo puani, akajizuia. Mdogo wangu hakucheka.

"Na zile wiki tatu, wewe ulikula nini?"

Nilitaka kumjibu kwa mahindi ya manjano, kwa majani aliyochuma shangazi, kwa zile siku ambazo tulilala tu. Kilichotoka ni kingine. "Nilikuwa na nguvu," nikasema. "Mama alisema nina nguvu."

Alikuja akapiga magoti kwenye zulia mbele ya kiti changu, akaanza kunivua kiatu. Nikamwambia aache, kuna mgeni, na soksi zangu ni za tangu asubuhi. Akasema, "Nyamaza, nimeona mbaya zaidi." Akaivuta soksi, akaweka kidole gumba juu ya kifundo, akabonyeza, akaachia. Akahesabu kwa sauti, kwa Kiswahili. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Tulikuwa tunatazama watatu. Kufika sita ngozi ikawa imerudi.

"Unasimama sana huko ghalani," akasema. "Kesho piga simu kwa daktari. Usiniambie una zamu."

"Nina zamu."

"Lete huo mwingine."

Nikampa na mguu wa pili.