Ng'ombe Waliotolewa Mara Tatu

Shuleni mimi siigizi. Kazi yangu iko nyuma ya zile kanga tunazotundika kama pazia: napanga nani aanguke, nani acheke, nani alie. Kuna mtoto wa darasa la tatu aligoma kulia, nikamfinya sikio kabla hajatoka. Alilia vizuri sana, mpaka walimu wakapiga makofi.

Kwa hiyo watu wa filamu walipokuja kutoka Dar es Salaam kupiga picha za kijiji chetu cha ujamaa, mwenyekiti wa kijiji alinikabidhi mimi mpango wote. Shida ilikuwa zizi la kijiji. Lilikuwa na ng'ombe wanne, mmoja kilema. Nikamwendea mzee jirani yetu mwenye ng'ombe kumi na wawili, mahari ya kumwozea mwanawe wa kiume wa pekee.

"Shikamoo, tata. Tuazime ng'ombe. Useme tu umezitoa kwa kijiji."

"Mura, kijana wewe, una wazimu? Ng'ombe zangu?"

"Ni mchezo, tata. Si ulimwona yule wa mchezo wa shuleni? Alikufa mchana, jioni akala ugali."

Akacheka mpaka akakohoa.

Kwetu ng'ombe hahami kwa karatasi. Anahama mwenye ng'ombe akisimama mbele za watu na kutamka kuwa amemtoa. Nilijua hilo, hata watoto wanalijua. Ila mimi nilikuwa nawaza picha.

Mzee akatamka: "Ng'ombe hizi nimetoa kwa kijiji." Mpiga picha akasema upepo umeharibu sauti. Akatamka tena, mbuzi wa mtu akapita. Mara ya tatu nikamnong'oneza avue kofia na kunyoosha mkono. Akafanya. Watu walishangilia, mwenyekiti kuliko wote.

Gari la filamu lilikuwa halijafika hata Tarime mjini, ng'ombe wakawa wameshaswagwa kwenye zizi la kijiji.

Mzee alikwenda ofisini kuwadai. Mwenyekiti akamwambia, "Umetoa mara tatu, mzee, tena kofia mkononi. Nani alikushika koo?"

"Yule mura ndiye aliyenipa maneno. Mwiteni."

Nikatolewa darasani. Barua yangu ya kwenda sekondari ilikuwa mezani kwa mwenyekiti, inasubiri sahihi.

"Wewe," akaniuliza, "ulimfundisha huyu la kusema?"

"Hapana. Nilimwonyesha pa kusimama tu. Maneno ni yake."

Mzee hakunitukana. Aliniuliza kama nina kaka anayesubiri kuoa. Nikasema sina. Akavaa kofia, akatoka.

Binti aliyekuwa ameposwa na mwana wa mzee ameshaolewa Matongo, kwa ng'ombe za mtu mwingine. Na wale kumi na wawili walimpiga mateke kila mchungaji aliyepelekwa, kwa hiyo kijiji kikampa kazi hiyo mwana wa mzee. Sasa kila asubuhi nikienda shule nakutana naye akichunga mahari yake kwa niaba ya kijiji. Analisimamisha kundi katikati ya njia, na mimi nazunguka kwenye matope.