Disketi Juu ya Spika

Shemeji yangu alikuwa mwalimu mzuri wa kompyuta, na sijakutana na mtu mwenye roho mbaya kama yake. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Nilikuwa nikiishi kwake, katika mtaa wa Tena, kwa sababu mkewe ni dada yangu mkubwa. Nilikuwa nimemaliza kozi ya uhazili na kuzungusha vyeti mjini mpaka soli za viatu zikaisha. Ofisi aliyofanyia kazi shemeji ikatafuta mtu wa kuangalia kompyuta zao. Walikuwa wamechoka kununua programu, wakaamua kutumia Linux, mfumo wa bure ambao mtu angeweza kuunakili na kumpa mwenzake. Mkubwa wao alisema hataki cheti. Anayetaka kazi aje na disketi zake, auweke mfumo huo kwenye kompyuta tupu, yeye akitazama. Dada alimbembeleza mumewe anifundishe mpaka akakubali.

Akaniletea rundo la disketi alizonakili kazini, na kompyuta kuukuu akaiweka kwenye meza ya chakula. Nikikosea, hakuniambia nimekosea. Alimwita dada kutoka jikoni.

"Kuja uone vile sista yako anaua mashine. Huyu mlimsomesha kweli ama mlikuwa mnamlisha tu?"

Dada alisimama pale na mwiko mkononi, akicheka kidogo ili yaishe. Mimi nililia bafuni, nikarudi, nikaandika amri ile ile upya. Nilimchukia kiasi kwamba nilishika kila neno lililomtoka. Ijumaa moja nilianza na kompyuta tupu nikafika mwisho peke yangu, herufi nyeupe zikasimama kwenye skrini nyeusi zikiningoja mimi. Shemeji aliangalia, akaomba chai.

Mtihani uliwekwa wiki iliyofuata. Jumamosi kabla ya mtihani akina mama wa kanisa walikuwa wakija kwa maombi, kwa hivyo dada akapanga nyumba. Kwetu kitu cha heshima hakifichwi kwenye droo. Huwekwa sebuleni, juu ya ile spika kubwa ya redio, kikafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Biblia ilikaa hapo, na picha ya harusi. Dada alizipanga disketi zangu kando ya Biblia, akazifunika kwa kitambaa chake kizuri kuliko vyote, na akina mama wakaziombea. Nilifurahi sana. Sikuzigusa tena, niliogopa kuzichakaza; nilijikumbusha amri kichwani huku nikiosha vyombo.

Siku ya mtihani nikaingiza disketi ya kwanza. Kompyuta ikakwaruza, ikasema haisomi. Nikaitoa, nikaipangusa kwa sketi, nikairudisha. Nikajaribu nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa zimeharibika. Mkubwa alitazama saa yake, akasema kwa upole kwamba wataniita. Hawakuniita. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kikombe muda wote huo.

Alinisindikiza mpaka kwenye ngazi.

"Spika iko na sumaku," akasema. "Sumaku inafuta disketi. Kwani hukujua?"

"Shem, ulijua ziko pale?"

"Tangu Jumamosi."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja nione kama utajua mwenyewe. Mtu wa kompyuta lazima ajue hiyo."

Akarudi ndani. Ningemsukuma kwenye ngazi zile, na hata leo sioni kama lingekuwa kosa kubwa.

Jioni, tukila, aliwasimulia watu wote wa nyumba habari ya spika kama kichekesho. Sehemu yake mwenyewe aliiruka. Dada aliacha kula, akanishika mikono. "Siz, ni mimi nimekuharibia kazi," akasema, akaanza kulia. Mumewe akasukuma sahani aongezewe mboga. Dada akainuka, akijipangusa macho, akamwongezea.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie kwamba mumewe alijua. Nikamwona anavyomchagulia vipande vya nyama, nikaufunga.

Dada amezeeka sasa, na kila Krismasi bado ananiomba msamaha. Nikimwambia ukweli, mimi nitachukua mkoba wangu nirudi kwangu, naye atabaki na mtu huyo nyumbani. Kwa hivyo namwambia nimemsamehe.